Vitunguu kutoa maua mapema

Vitunguu kutoa maua mapema ni hali ambapo mmea wa kitunguu maji (jina la kisayansi: Allium cepa) unachomoza bua la ua katika msimu uleule uliopandwa kwa ajili ya chakula, kabla kitunguu chenyewe hakijakomaa. Si ugonjwa wala haisababishwi na wadudu. Ni tabia ya kawaida ya mmea iliyoamshwa wakati usiofaa, na kwa mkulima maana yake ni hasara: kitunguu hubaki kidogo, shingo huwa nene, katikati huwa na kiini kigumu, na hakihifadhiki ghalani.

Katika Tanzania tatizo hili huonekana zaidi kwenye nyanda za juu zenye baridi kati ya Juni na Agosti. Mfano ni maeneo ya Songea katika Mkoa wa Ruvuma na, zaidi ya hapo, milima ya Umatengo upande wa Mbinga.

Chanzo

Kitunguu ni mmea wa misimu miwili. Katika msimu wa kwanza huota kutokana na mbegu, hutoa majani na kuweka akiba ya chakula katika kitunguu. Katika msimu wa pili hutumia akiba hiyo kutoa bua, maua na mbegu. Kinachouambia mmea kwamba msimu wa kwanza umekwisha ni baridi. Mmea ukikaa majuma kadhaa katika joto la takriban sentigredi 8 hadi 13, kikonyo cha ndani huacha kutengeneza majani na kuanza kutengeneza ua.

Lakini mmea mchanga hausikii baridi hiyo. Ni lazima kwanza ufikie ukubwa fulani, kwa kawaida majani 7 hadi 10 pamoja na yale ambayo bado yamefichwa ndani ya shina. Hapa ndipo palipo kiini cha jambo lote. Baridi peke yake haileti maua, na ukubwa peke yake hauleti maua. Vinapokutana, bua hutoka. Ndiyo maana mashamba mawili yaliyo jirani, yenye udongo mmoja na mbegu moja, yanaweza kutofautiana kabisa kwa sababu moja lilipandwa majuma sita kabla ya lingine.

Mambo mengine huongeza hatari. Upungufu wa naitrojeni katika udongo na ukame unaokatiza ukuaji huharakisha maua. Kupanda vitunguu vidogo badala ya miche kuna hatari pia: vile vyenye kipenyo cha zaidi ya sentimita 2 hivi huwa tayari vimefikia ukubwa wa kusikia baridi, hasa vikiwa vimehifadhiwa mahali pa ubaridi. Vikihifadhiwa penye joto la sentigredi 28 au zaidi, mwelekeo wa kutoa maua hupungua.

Hali ya Songea

Mji wa Songea uko karibu nyuzi 10 na nusu kusini kwa ikweta, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,000. Mvua hunyesha kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili. Usiku wa Juni na Julai joto hushuka kukaribia sentigredi 12, yaani ndani ya kiwango kinachoamsha maua. Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi wilayani Karatu, inayojulikana kwa vitunguu vyekundu, ni bonde lenye joto zaidi. Ratiba ya huko haifai kunakiliwa Songea bila kufikiri.

Urefu wa mchana nao una sehemu yake. Songea mchana wa Juni ni kama saa 11 na nusu, na wa Desemba ni kama saa 12 na dakika 45. Aina za vitunguu za Ulaya ya kaskazini zinazohitaji mchana wa saa 14 au zaidi haziwezi kufunga kitunguu hapa. Huendelea kutoa majani hadi baridi iwakute zikiwa kubwa. Aina za mchana mfupi, kama Red Creole, Red Bombay, Texas Grano na Mang'ola Red, ndizo zinazofaa.

Kishawishi kikubwa cha mkulima ni bei. Anayesia mbegu Januari na kuhamisha miche Machi anatarajia kuvuna kabla ya wenzake na kuuza vitunguu vikiwa haba. Kwa mwaka usio na baridi kali anafanikiwa. Mwaka ambao baridi inawahi, mimea yake huwa na majani mengi inapofika Juni, na shamba hujaa mabua. Mwenye kusia katikati ya Aprili na kuhamisha mwanzoni mwa Juni huwa na mimea midogo wakati wa baridi. Hukua polepole, kisha hujaza kitunguu joto linaporudi Agosti na Septemba. Naye ana mpaka wake: ni lazima avune na kukausha kabla ya mvua za Novemba, kwani vitunguu vilivyonyeshewa shambani huoza. Bustani za mabondeni zinazomwagiliwa ndizo zinazoruhusu ratiba hii.

Kuzuia

Miche ihamishwe ikiwa na majuma 6 hadi 8, na shina lisizidi unene wa penseli. Miche iliyozeeka kitaluni, ambayo mara nyingi huuzwa kwa bei nafuu mwishoni mwa msimu, haina unafuu wowote. Samadi iliyooza vizuri iwekwe kabla ya kupanda, mbolea ya naitrojeni iongezwe mara mbili katika majuma ya mwanzo, kisha isimamishwe vitunguu vinapoanza kujaa, maana ikizidi wakati huo shingo huwa nene. Umwagiliaji uwe wa kufuatana, bila vipindi virefu vya ukavu.

Suala la mbegu linastahili uangalifu zaidi kuliko linavyopewa. Tabia ya kutoa maua mapema hurithiwa. Mkulima anayeona bua limetoka katika shamba la chakula na kuamua kuliacha likomae ili apate mbegu za bure, anachagua bila kujua mimea ile hasa iliyo myepesi kutoa maua. Baada ya vizazi vichache shamba lake lina mabua kila mwaka, na lawama huenda kwa udongo. Mbegu njema hupatikana kwa kuchagua vitunguu vizuri vilivyokomaa bila maua, kuvihifadhi, kisha kuvipanda upya ili vitoe maua kipindi cha baridi. Kwa kuwa nyuki na nzi hubeba chavua kutoka ua hadi ua, mabua ya mapema yaliyo jirani yaondolewe kabla hayajafunguka. Anayenunua mbegu atazame lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, na tarehe pia, kwa sababu mbegu za kitunguu hupoteza uwezo wa kuota haraka, mara nyingi ndani ya mwaka mmoja au miwili zikiwa mahali pa joto na unyevu.

Bua likishatoka

Bua hutambulika mapema: ni la mviringo, gumu kuliko jani, limevimba kidogo chini ya katikati, na kwenye ncha lina tumba lililofunikwa ngozi nyembamba. Jani la kitunguu lina upande mmoja uliobapa.

Wengi hukata bua wakidhani kitunguu kitaendelea kukua. Kinaweza kuongezeka kidogo, lakini kiini kigumu kinabaki, na kisiki kilicho wazi ndani hupitisha maji hadi katikati na kuleta uozo. Hakuna dawa ya kupulizia inayorudisha ua kuwa jani, hata kama muuzaji anaahidi hivyo.

Mimea michache ikitoa mabua, ing'olewe na kutumika au kuuzwa mara moja pamoja na majani yake. Ikiwa ni sehemu kubwa ya shamba, haifai kuendelea kuitilia mbolea. Ivunwe mapema na kuuzwa mbichi. Kosa la gharama kubwa ni kuvichanganya na vitunguu vizuri ndani ya gunia: vyenye bua huoza kwanza, na unyevu wake huharibu vilivyobaki. Wakati wa kuvuna vitengwe palepale shambani, kwani majani na mabua yakishakatwa ni vigumu kuvitofautisha, isipokuwa kwa kubonyeza shingo.

Mabua machanga na matumba yake huliwa. Hukatwa vipande na kukaangwa kama majani ya kitunguu.