Kloni, Kibera na Mwaka wa 2005

Mtaani tukitazama movi za kloni tunadhani hayo ni mambo ya Marekani tu. Zii. Toka Kawangware, fuata Naivasha Road kuelekea Uthiru, utapita karibu na ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo. Wanasayansi wake ndio walimtengeneza Tumaini, fahali wa Boran ambaye ni kloni, wakisaidiana na Roslin ya Scotland, wale wale wa kondoo Dolly wa 1996. Walitaka siku moja tupate ng'ombe asiyeuawa na nagana, ule ugonjwa wa mbung'o, kwa kumpa jeni ya nyani. Nyani hawaugui nagana.

Kwa ng'ombe sina shida. Lakini kumbuka Dolly alipatikana baada ya mayai 277 kujaribiwa, na ni yeye tu alizaliwa hai. Sasa weka mtoto wa binadamu hapo. Wale wamama wa kubeba hizo mimba zote zinazoharibika wangetafutwa wapi, Karen?

Ndiyo maana mimi hurudi 2005. Machi 8 mwaka huo, Umoja wa Mataifa ulipiga kura kuzitaka nchi zikataze kloni za binadamu: 84 wakakubali, 34 wakakataa, 37 wakakaa katikati. Uingereza ilikataa, maana haikutaka kufungia utafiti wa tiba. Na hata hivyo azimio lenyewe halimfungi mtu yeyote kisheria.

Mwaka huo huo ikatoka The Island. Matajiri wanalipia kloni wao wafugwe kama akiba ya figo na maini. Milipuko kibao, na kloni wanatoroka. Never Let Me Go ya 2010 haina hata bunduki, lakini ndiyo iliyoninyima usingizi: vijana wanajua watatolewa viungo kimoja baada ya kingine mpaka wafe, na hakuna anayekimbia. Wamelelewa wakijua hiyo ndiyo kazi yao. They Cloned Tyrone ya 2023 nayo imeileta hiyo stori hadi ghetto, serikali ikijaribu watu kupitia kuku wa kukaanga na dawa ya nywele. Ni komedi, lakini ukiitazama ukiwa mtaani unacheka kidogo tu.

Sasa ya kwetu. The Constant Gardener, 2005 tena, ilipigwa hapa Kibera. Haina kloni hata mmoja, ila kwangu ndiyo inauliza lile swali vizuri kuliko zote. Kampuni inajaribu dawa ya TB kwa maskini. Kuna ridhaa, ndiyo, watu wanaulizwa. Shida ni kwamba anayekataa jaribio ananyimwa matibabu mengine yote, hata ya mtoto wake. Wanaojadili kloni huuliza kama nakala ya mtu ina roho. Mama wa Kibera kwenye hiyo movi ana roho na kila mtu anajua, na bado kazi inaendelea.