Gamma haikuzaliwa kwenye kompyuta

Wasomaji wangu, leo tuweke misimbo kando kidogo. Yeyote aliyewahi kuchezea mipangilio ya skrini amekutana na neno gamma, na ile 2.2 ambayo kiwango cha sRGB cha mwaka 1996 kinaikaribia. Wengi hudhani ni msamiati wa watu wa kompyuta. La hasha! Tumeurithi kutoka kwa wanaume wawili wa kiwanda cha kemikali mjini Widnes, Uingereza.

Ferdinand Hurter alikuwa mkemia, Mswisi. Vero Charles Driffield alikuwa mhandisi. Kupiga picha kulikuwa burudani yao, ila walichoka kubahatisha. Basi wakawasha mshumaa, wakazungusha mbele yake gurudumu lenye nafasi za upana tofauti, ili sehemu za kioo kimoja chenye dawa zipate mwanga maradufu, kisha maradufu tena. Wakapima weusi wa kila sehemu. Mwaka 1890 wakachapisha mchoro ambao hadi leo huitwa kwa herufi zao, H&D. Katikati yake kuna mstari ulionyooka, na mwinamo wa mstari huo ndio gamma. Filamu ikikaa zaidi ndani ya dawa, gamma hupanda.

Hapa ndipo hesabu inaponoga. Mwanga ukiongezeka maradufu, logi yake hupanda 0.30. Tuseme kutoka kivulini hadi mawinguni kuna maradufu 7: hiyo ni 2.1. Karatasi ya kuoshea picha ya daraja la 2 humeza tofauti ya weusi ya karibu 1.05 tu. Kwa hivyo unataka mwinamo wa 0.5. Siku ya jua kali, maradufu 9, una 2.7, mwinamo ushuke hadi 0.39, yaani filamu itolewe mapema. Ukipuuza, ama mawingu yatabaki karatasi tupu, ama vivuli vitakuwa masizi.

Si wote waliofurahia. Peter Henry Emerson, ambaye mwaka 1889 alitoa kitabu cha kutetea upigaji picha kama sanaa, aliukana msimamo wake kufikia Januari 1891, kwa kijitabu chenye mpaka mweusi kama tangazo la kifo. Utafiti wa Hurter na Driffield ulikuwa miongoni mwa sababu zake: kama kemia ndiyo huamua weusi, msanii amebaki na nini? Mimi naona alikata tamaa mapema mno.

Maana karibu mwaka 1940, Ansel Adams na Fred Archer, walimu wa Art Center School kule Los Angeles, waliigeuza hesabu hiyo hiyo kuwa Zone System. Mwanga unapimwa kwa ajili ya vivuli; muda wa dawa unapangwa kwa ajili ya sehemu angavu, kulingana na karatasi utakayotumia. Mwaka 1940 huohuo Ilford walitoa Multigrade, karatasi ambayo daraja lake hubadilishwa kwa rangi ya mwanga. Ukikosea dakika za dawa, siku hizi kichujio kitakuokoa. Kivuli ambacho hakikupata mwanga wa kutosha tangu kwenye kamera, hakuna kichujio cha kukirudisha.