Siku Titanic ilipokata kamba za jirani

Ukitaja Titanic, kila mtu anawaza barafu. Kumbe safari ile nusura iharibike palepale bandarini.

Tarehe 10 Aprili 1912, ikitoka Southampton, Titanic ilipita karibu na meli New York iliyokuwa imefungwa gatini. Kamba za New York zikakatika, na sehemu yake ya nyuma ikaanza kuielekea Titanic. Tagi iliyoitwa Vulcan ikawahi kuidaka kwa kamba. Zilibaki kama futi 4 tu zigongane.

Kulikoni? Meli kubwa ikipita husukuma maji mbele yake, na ubavuni maji hukimbia kasi zaidi, hivyo shinikizo hushuka. Jirani aliyefungwa husukumwa, kisha huvutwa. Kina kikiwa kidogo, hali huwa mbaya zaidi.

Mwaka 1990 kule Bay City, Michigan, meli ya mafuta Jupiter ilikuwa inashusha petroli wakati meli ya mizigo Buffalo ilipopita. Jupiter ikaachana na gati, moto ukalipuka, na baharia mmoja akapoteza maisha.

Leo si lazima tusubiri kamba ikatike. Wahandisi huingiza kwenye kompyuta kina, umbali, ukubwa wa meli na kasi, kisha "huipitisha" meli mara nyingi wakipima mvutano wa kila kamba. Nguvu hizo hukua takriban kwa mraba wa kasi: punguza mwendo nusu, inabaki kama robo. Ila ukipunguza mno, usukani haushiki. Ndiyo maana rubani anahitaji namba, siyo kukisia.