Nembo ya mmaliziaji: kwa nini wanariadha wa traiathloni ndefu hujichora tatuu, na nasaba yake na chale za Luapula

Traiathloni ni shindano moja lenye michezo mitatu inayofuatana bila mapumziko: kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia. Ile ndefu inayojulikana zaidi duniani, Ironman, humtaka mshindani aogelee kilomita 3.86, aendeshe baiskeli kilomita 180, kisha akimbie kilomita 42.2. Kwa msikilizaji wa Nchelenge au Kashikishi, sehemu ya baiskeli peke yake inapita safari ya kwenda Mwansabombwe na kurudi. Kwa kawaida mshindani hupewa saa 17 kuimaliza kazi hiyo yote, na anayevuka mstari baada ya hapo hahesabiwi kuwa amemaliza.

Wengi wa wanaofaulu hurudi nyumbani na medali. Wengine huongeza alama isiyovulika: tatuu, ambayo mara nyingi huwa ni herufi M yenye nukta juu yake, mithili ya mtu mwenye kichwa na mabega. Makala haya yanaeleza desturi hiyo ilikotoka, namna inavyohusiana na chale zinazofahamika kando ya Ziwa Mweru, na mambo ya kuzingatia kabla ya ngozi kuguswa na sindano au wembe.

Chimbuko la shindano

Shindano lilizaliwa kutokana na ubishi. Mwaka 1977, katika kisiwa cha Oahu huko Hawaii, wanamichezo walikuwa wakibishana ni nani mwenye mwili imara zaidi: mkimbiaji, mwogeleaji au mwendesha baiskeli. John Collins, ofisa wa jeshi la majini la Marekani, pamoja na mkewe Judy, walitoa wazo la kuyaunganisha mashindano matatu yaliyokuwapo tayari kisiwani humo yafanyike kwa siku moja. Atakayetangulia angeitwa mtu wa chuma.

Tarehe 18 Februari 1978 watu 15 walianza, na 12 wakamaliza. Mshindi, Gordon Haller, alitumia saa 11, dakika 46 na sekunde 58. Mwaka uliofuata Lyn Lemaire akawa mwanamke wa kwanza kumaliza, akishika nafasi ya tano miongoni mwa washindani wote. Mwaka 1981 shindano lilihamishiwa Kona, katika kisiwa kikubwa cha Hawaii.

Tukio lililolitangaza duniani ni la Februari 1982. Julie Moss, mwanafunzi wa chuo, alikuwa akiongoza upande wa wanawake miguu ilipomwishia nguvu karibu na mwisho. Alianguka, akainuka, akaanguka tena. Kathleen McCartney akampita. Moss akamalizia kwa kutambaa, akawa wa pili. Picha zake zilipoonyeshwa katika televisheni, watazamaji wengi walimkumbuka aliyetambaa kuliko aliyeshinda. Tangu hapo heshima ya mchezo huu imekaa zaidi katika kumaliza kuliko katika kutangulia, na hapo ndipo tatuu inapopata maana: nafasi ya kwanza ni ya mtu mmoja, lakini kumaliza ni haki ya kila atakayefika.

Barani Afrika, mbio za masafa kamili zimekuwa zikifanyika Gqeberha, Afrika Kusini, mji uliojulikana kwa miaka mingi kama Port Elizabeth. Karibu zaidi nasi, Agosti 2022 mji wa Rubavu nchini Rwanda, ulio kando ya Ziwa Kivu na jirani wa Goma, uliandaa kwa mara ya kwanza mbio za nusu ya masafa hayo: kuogelea kilomita 1.9, baiskeli kilomita 90 na kukimbia kilomita 21.1. Kwa hiyo mchezo huu umekwisha kufika katika maziwa makuu ambako Kiswahili ni lugha ya kila siku.

Alama na mahali pake

Sehemu ya mwili inayopendwa zaidi kwa tatuu hii ni shavu la mguu, na sababu yake inaeleweka. Barabarani, mtu wa nyuma huiona miguu ya aliye mbele yake kwa saa nyingi. Katika mashindano mengi namba ya mshindani huandikwa au kubandikwa mwilini, na umri wake huandikwa kwenye shavu la mguu ili wenzake wajue nani ni wa kundi lao. Namba hizo hufutika baada ya siku chache. Mwenye kuchora tatuu ameamua kwamba sehemu ya maandishi ya siku ile isifutike.

Desturi ya namna hii haikuanzia kwa wanatraiathloni peke yao. Waogeleaji wa Olimpiki wamezoea kujichora pete tano, na Mmarekani Chris Jacobs, aliyeshiriki Michezo ya Seoul mwaka 1988, hutajwa kuwa miongoni mwa walioieneza.

Ndani ya mchezo wenyewe ubishi haukosekani. Je, aliyemaliza nusu ya masafa ana haki ya kuchora herufi ileile? Baadhi husema hapana, ndiyo maana wengine huandika chini yake 70.3, yaani jumla ya maili za mbio hizo fupi. Wengine huona aibu kubeba alama ya kampuni ya biashara, wakachagua picha za mwogeleaji, baiskeli na mkimbiaji, au tarehe ya siku waliyomaliza. Wapo pia wanaokataa kabisa wakisema aliyefanya jambo hahitaji kulitangaza. Hata hivyo majigambo yalikuwamo tangu mwanzo: karatasi za Collins za mwaka 1978 ziliwaahidi washiriki kwamba wangeweza kujisifu maisha yao yote.

Neno nembo

Hapa lugha yetu ina jambo la kusema. Leo tukisema nembo, wengi hufikiria nembo ya taifa au ya kampuni. Lakini kamusi za zamani za Kiswahili hulieleza neno hilo kuwa ni alama zilizochanjwa mwilini, hasa za kutambulisha kabila la mtu. Kibemba kinachozungumzwa pande zote za Luapula kina neno inembo kwa maana hiyohiyo ya chale, nalo linahusiana na kitenzi ukulemba, ambacho maana yake ni kuandika. Wamakonde wa Msumbiji, waliosifika kwa michoro ya usoni na mwilini, huiita dinembo.

Maneno haya ni ndugu. Yanatukumbusha kwamba kwa wazee wa ukanda huu ngozi ilikuwa ukurasa, na aliyechanja alikuwa mwandishi. Basi mtu anapochukua nembo ya shindano na kuichora mguuni, kwa Kiswahili neno limerudi nyumbani kwake: kutoka ngozini lilikwenda katika mihuri na mabango, na sasa limeirudia ngozi.

Chale katika jamii za ukanda huu zilikuwa na kazi zaidi ya moja. Zipo zilizotiwa kwa urembo, zipo zilizoonyesha ukoo au utu uzima, na zipo za tiba, ambazo mganga hukata kwa wembe kisha akasugua dawa katika mkato. Hizi za tiba bado zinaonekana hadi leo, na huenda mtu wa Luapula akisikia neno tatuu akazifikiria hizo kwanza kabla ya michoro ya mjini.

Mwendo mrefu na kumbukumbu yake

Mwansabombwe, makao ya Mwata Kazembe, ni mahali panapojua maana ya kuadhimisha mwendo uliokamilika. Walunda wa Kazembe hueleza kwamba wazee wao walitoka magharibi, katika himaya ya Mwata Yamvo iliyo katika nchi ya Kongo ya leo, wakavuka mito na kupigana hadi wakatulia katika bonde la Luapula. Kila mwaka, mwishoni mwa Julai, safari hiyo hukumbukwa katika sherehe ya Mutomboko, ambapo Mwata mwenyewe hucheza ngoma ya ushindi mbele ya watu wake.

Tofauti ya Mutomboko na tatuu ya mwanariadha ni kubwa, nayo inafaa kutazamwa. Mutomboko ni kumbukumbu ya wengi: hakuna anayeubeba peke yake, na asiyekuwapo safarini hurithi ushindi wa waliosafiri. Tatuu ya mmaliziaji ni ya mmoja, hairithiki, na mwenye nayo akifa nayo imekwisha. Kumbukumbu ya kwanza inahitaji jamii ikutane upya kila mwaka ili isipotee. Ya pili haihitaji mtu mwingine ila mchoraji.

Tena kuna jambo la haki. Ufukweni mwa Mweru, kupiga kasia usiku kucha, kusukuma baiskeli iliyosheheni samaki wakavu na kutembea hadi sokoni ni kazi ya riziki, wala hakuna anayevishwa medali mwisho wa njia. Ada ya kushiriki Ironman hufikia mamia ya dola, bila kuhesabu baiskeli na nauli. Kusema hivi si kuwadharau wanariadha, kwa maana maumivu yao ni ya kweli. Ni kukumbusha tu kwamba ustahimilivu ni mwingi kuliko alama zake.

Yanayotokea ndani ya ngozi

Sindano ya tatuu hupenya tabaka la juu la ngozi na kuuacha wino katika tabaka la chini yake. Seli za kinga huumeza wino huo kana kwamba ni adui, lakini haziwezi kuuyeyusha. Seli hizo zikifa, nyingine huja na kuushika wino uleule. Ndiyo sababu mchoro hudumu: mwili haukukubali wino, bali umeshindwa kuutoa.

Hatari ya kwanza ni chombo kisicho safi. Wembe mmoja ukitumika kwa watu wawili, au sindano isipobadilishwa, virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini aina ya B na C vinaweza kupita katika damu. Kirusi cha homa ya ini aina ya B kinaweza kuishi nje ya mwili kwa muda wa siku saba au zaidi, hivyo wembe uliokauka usidhaniwe kuwa umetakata. Kanuni ni ileile kwa mchoraji wa mjini na kwa mganga wa kijijini: chombo kipya, kinachofunguliwa mbele ya mteja, kwa mtu mmoja tu. Chanjo ya homa ya ini aina ya B ipo.

Hatari ya pili ni maji. Tatuu mpya ni kidonda, na kwa kawaida ngozi ya juu huhitaji wiki mbili hadi tatu kufunga. Mwaka 2017 madaktari wa Texas, Marekani, walieleza kisa cha mwanamume wa miaka 31 aliyeogelea katika Ghuba ya Mexico siku tano baada ya kuchorwa. Bakteria wa maji ya chumvi waliingia katika kidonda, na kwa kuwa ini lake lilikuwa na maradhi ya siku nyingi, alifariki. Maji ya ziwa yana vijidudu vyake, na kwa wakazi wa Mweru hatari ya kichocho ipo kwa kila anayeogelea, awe na kidonda au asiwe nacho. Anayetaka kuchorwa basi achorwe baada ya shindano, si wiki ya kuliendea.

Wanariadha huuliza pia kuhusu jasho. Utafiti mdogo wa Marekani uliotolewa mwaka 2017 ulionyesha kwamba ngozi yenye tatuu ilitoa takriban nusu ya jasho la ngozi tupu. Utafiti mwingine wa Australia, uliowapima watu wakiwa katika mazoezi, haukuona tofauti hiyo. Kwa hiyo hakuna sababu thabiti ya kuamini kwamba mchoro mdogo mguuni utampunguzia mtu uwezo wake.

Sheria na imani

Tatuu inaweza pia kumgharimu mchezaji shindano. Mwaka 2016 mwogeleaji wa Uingereza Josef Craig aliondolewa katika mashindano ya Ulaya ya waogeleaji wenye ulemavu, mjini Funchal, Ureno, kwa sababu alionekana na pete za Olimpiki mwilini bila kuzifunika. Waandalizi waliihesabu alama hiyo kuwa ni tangazo.

Kwa upande wa dini, wanazuoni wengi wa Kiislamu huharamisha tatuu ya kudumu kwa kutegemea hadithi za Mtume, ilhali hina, ambayo hupakwa juu ya ngozi na kufifia, inaruhusiwa. Miongoni mwa Wakristo wapo wanaolishika katazo la kitabu cha Mambo ya Walawi sura ya 19, na wapo wanaosema lilihusu ibada za kale. Anayezingatia imani yake ana njia nyingine za kuhifadhi kumbukumbu, kwa mfano medali ukutani au jina lake katika orodha ya matokeo.

Kwa anayeamua kuchora, ushauri unaweza kufupishwa hivi: maliza kwanza, ngoja wino wa namba ufutike, kisha uamue. Ikiwa baada ya miezi kadhaa bado unaitaka alama ile, mtafute mchoraji anayefungua sindano mpya mbele ya macho yako, na ukae mbali na ziwa hadi kidonda kifunge.