Kutoka Kipande Hadi Mdhamini: Nani Anashika Ruhusa Yako ya Kuhama Kazi?

Wandugu, kama umewahi kutafuta kazi mpya huku bado uko kwenye ya zamani, shughuli yake unaijua. Simu unapokelea kwenye ngazi. Siku ya usaili unaaga kwamba unakwenda hospitali. CV unaichapa kwenye duka la stesheneri mtaa wa pili, maana printa ya ofisini ina macho. Mambo yanakwenda kimya kimya mpaka unafika sehemu ya mwisho ya fomu: taja wadhamini watatu, mmoja awe mwajiri wako wa sasa. Hapo ndipo jasho linapoanza.

Wengi wa rika letu tunadhani balaa hili limekuja na mambo ya kisasa. Hapana. Hapa Afrika Mashariki lina zaidi ya miaka mia moja, na kuna watu walikufa kwa risasi katika vuguvugu la kulipinga. Hebu turudi nyuma kidogo.

Mwaka 1915 serikali ya kikoloni ya Kenya ilipitisha sheria ya kuwaandikisha wanaume Waafrika. Vita Kuu ya Kwanza ilichelewesha utekelezaji, lakini kufikia mwaka 1920 ilikuwa inafanya kazi. Kila mwanamume mtu mzima alipewa karatasi yenye jina lake, kabila lake, alama za vidole na historia ya kazi zake, akaivaa shingoni ndani ya kikasha cha chuma. Hicho ndicho kipande. Watu walikifananisha na kengele ya mbuzi. Kufikia katikati ya miaka ya 1920 vilikuwa vimetolewa zaidi ya nusu milioni.

Sasa angalia kilivyofanya kazi, maana utamu na uchungu wa habari hii uko hapo. Ukiajiriwa, mwajiri anaandika tarehe na mshahara. Ukiondoka, lazima asaini kwamba amekuachia. Bila saini hiyo hakuna mwajiri mwingine aliyeruhusiwa kukuchukua. Na ukiondoka bila kuachiwa, wewe si mtu aliyeacha kazi, wewe ni mtoro, na utoro ulikuwa kosa la jinai lenye faini au kifungo.

Fikiria basi kijana aliyesikia kwamba shamba la jirani linalipa shilingi mbili zaidi. Angefanyaje? Akiomba saini, bwana shamba mwenye uhaba wa vibarua ana kila sababu ya kumkatalia. Akitoroka na kuchukua kipande kingine kwa jina la uongo, alama za vidole zilizohifadhiwa Nairobi zinamuumbua. Mshahara wa jana aliopewa ulikuwa umeandikwa pale pale shingoni, kwa hiyo hata kupatana bei na bwana mpya alianza akiwa ameshindwa.

Watumishi wa nyumbani nao walitungiwa utaratibu wao katika miaka ya 1920, wa kitabu chekundu ambamo bwana na bibi wa nyumba waliandika tabia ya mpishi au yaya wao. Sentensi moja mbaya ilitosha kumfungia mtu milango ya nyumba nyingi. Hata neno letu "cheti" lina asili ya Kihindi, lile la kibarua kidogo cha maandishi, na boi aliyekuwa na vyeti vizuri alivitunza kama dhahabu.

Wakoloni hawakubuni jambo hili wenyewe. Ufaransa ilikuwa na kijitabu cha mfanyakazi tangu mwaka 1803. Mwajiri alikaa nacho mpaka alipoona ndipo akuachie, na sheria hiyo ilifutwa kabisa mwaka 1890. Yaani Ufaransa ilikuwa imeshaitupa miaka thelathini kabla haijatundikwa kwenye shingo za watu Kenya.

Watu hawakukaa kimya. Harry Thuku, kijana aliyekuwa mpokea simu katika idara ya hazina Nairobi, aliongoza upinzani dhidi ya kipande, kodi na mpango wa kukata mishahara. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati ulikusanyika kudai aachiwe, risasi zikapigwa. Hesabu ya serikali ilisema waliokufa ni 21, akiwemo Mary Muthoni Nyanjiru aliyekuwa mstari wa mbele. Mwaka 1947 ikaja sheria ya kuandikisha watu wa rangi zote, na walowezi wengi wakapiga kelele kwamba kuchukuliwa alama za vidole ni kudhalilishwa. Kumbe walijua!

Kwetu Tanganyika "kipande" kilikuwa kitu kingine: kadi ya siku 30 kwenye mashamba ya mkonge, usipozijaza huna mshahara wa mwezi. Lakini wazo lilikuwa lile lile, kwamba karatasi ya tajiri ndiyo inayoamua lini uko huru.

Leo sheria imegeuka. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi anayeondoka cheti cha utumishi. Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema hivyo hivyo na inataja cha kuandikwa: jina, tarehe za kuanza na kuacha, aina ya kazi na mahali. Halafu inaongeza kwamba mwajiri halazimiki kutoa maoni kuhusu tabia au utendaji wako. Kwa maneno mengine, ukweli kwamba ulifanya kazi ni haki yako. Sifa ni hiari yake.

Tatizo ni kwamba fomu za maombi hazijagundua tofauti hiyo. Matangazo mengi ya ajira za serikali yamekuwa yakimtaka aliye tayari mtumishi wa umma apitishe barua yake kwa mwajiri. Kampuni binafsi nazo zinapiga simu mapema. Rafiki yangu katika chumba kimoja cha habari alipigiwa bosi wake kabla hata hajaitwa kwenye usaili. Kazi mpya hakuipata, na katika ile ya zamani akahamishiwa dawati ambalo hakuna anayelitaka. Aliyepiga simu hakupoteza chochote.

Mimi naona kanuni iwe rahisi: mwajiri wa sasa aulizwe baada ya ofa kutolewa kwa maandishi, si kabla. Mpaka hapo, andika waziwazi kwenye barua kwamba bosi wako wa sasa asipigiwe bila idhini yako. Taja mhariri au meneja wa zamani, mwalimu wa chuo, au mkuu wako ambaye naye ameshahama. Waombe kwanza, waeleze ni kazi gani, na waambie kwamba ni siri. Nyaraka za ajira yako weka nakala nyumbani. Na usimwage mkia wa habari kwa mwenzako wa meza ya jirani, hata kama mnachangia chapati.

Kampuni ikikataa masharti hayo, ikisisitiza lazima imuulize bosi wako kabla haijakuahidi hata senti, mimi nitajiuliza mara mbili kama nataka kwenda huko. Wewe ungejaza jina lake?