Vunjamfupa: ua la kinamasi na tuhuma ya mifupa

Julai na Agosti, nyanda chepechepe za Ireland, Uskoti na magharibi mwa Norwei hupata madoa ya manjano. Mmea wenyewe ni mdogo, kwa kawaida haupiti sentimita 40. Ua lina ncha sita, na ukiliinamia utaona vijiti vya chavua vimevikwa manyoya laini ya manjano, kila kimoja na kichwa chake cha rangi ya machungwa. Maua yakikauka, bua zima nalo hugeuka rangi hiyohiyo.

Kitaalamu unaitwa Narthecium ossifragum. Neno la pili limeundwa kwa maneno mawili ya Kilatini, mfupa na kuvunja, na mtaalamu wa mimea Linnaeus alikwisha kulitumia mwaka 1753. Kondoo waliolishwa kwenye vinamasi hivyo walikuwa wakivunjika mifupa, na mmea ukabebeshwa lawama. Kumbe kasoro imo udongoni: una tindikali nyingi na kalsiamu haba, hivyo malisho yote yanayoota hapo hayaupi mfupa wa mnyama nguvu ya kutosha.

Sumu unayo, lakini ya namna nyingine. Huko Norwei wanakondoo wanaoula hupata ugonjwa uitwao alveld, yaani moto wa jini. Ini huharibika, likashindwa kutoa mabaki ya ukijani wa majani yaliyosagwa tumboni. Mabaki hayo huingia kwenye damu, na jua likipiga ngozi, masikio huvimba na kuungua. Mfupa haumo kabisa katika habari hii.

Sasa tuuiteje? “Nyota ya kinamasi” lingependeza, ila lingeyafaa maua mengi mno. Nachagua vunjamfupa, kwa sababu lugha yetu ina vunjajungu, yule mdudu wa kijani mwenye kukunja mikono, ambaye anayemgusa huambiwa atavunja vyombo. Hana kosa, na jina lake tunalitumia bila kumhukumu. Istilahi huhifadhi yale watu waliyoyaamini. Kusahihisha ni kazi ya fasili. Kwa hiyo kamusi iandike udongo na ini waziwazi.

Kiambishi m- nakiacha makusudi, maana “mvunjamfupa” angedhaniwa kuwa mtu. Ngeli ya I-ZI inatosha: vunjamfupa hii imechanua, vunjamfupa hizi zimechanua.