Ukanamaiti, Si Ukanushaji

Jopo moja la istilahi, ambalo adabu yanizuia kulitaja, limetuletea "ukanushaji wa kinyaraka wa mauaji ya halaiki". Maneno saba kwa uovu mmoja, na la kwanza lenyewe limekosea njia.

Kukanusha ni mtoto wa kukana, ila tabia zao ni mbali. Anayekanusha hupinga habari. Waziri hukanusha uvumi na pengine ana haki. Anayekana humjua vyema anayemkana. Petro alimkana Yesu, hakumkanusha. Waliotangulia, ambao walikuwa na masikio, walitupa mkanamungu na ukanamungu bila kuitisha warsha hotelini. Kwa kanuni iyo hiyo nilipendekeza ukanamaiti: kuikana maiti unayoijua, jalada likiwa mkononi mwako.

Mkononi, nasema. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 wa kizuizini walipigwa wakafa katika kambi ya Hola, Kenya. Taarifa ya serikali ya kikoloni ikadai walikufa baada ya kunywa maji. Taarifa hiyo nayo ni waraka, na mkanamaiti akiinukuu peke yake huonekana msomi. Wakoloni walipofungasha virago walichoma majalada mengine, mengine wakayasafirisha Uingereza kisirisiri. Kisha rafu tupu za Nairobi zikageuzwa hoja. Yaliyofichwa Hanslope Park yalikiriwa mwaka 2011, wazee wa Mau Mau wakiwa tayari mahakamani London. Mwaka 2013 Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwemo, kwa ajili ya walalamishi 5,228. Jalada asili yake ni Kiarabu, jild, yaani ngozi. Na ngozi hiyo ya makaratasi ilitunzwa kuliko migongo ya wafungwa.

Wala tusijidai ni dhambi ya Mzungu pekee. Baada ya mauaji ya Wagalla, Februari 1984, serikali yetu ya Kenya ilishikilia waliokufa ni 57, huku wenyeji wakihesabu mamia kwa mamia.

Bingwa mmoja wa jopo aliniambia neno langu "linanuka". Alitaka istilahi ya mauaji inukie udi? Nilipowatajia mafundi wa Kariobangi Light Industries, walinielewa bila kamusi, na nyundo hazikusimama.

Matumizi: mkanamaiti, wakanamaiti, kitenzi ni kukana maiti, kivumishi, "hoja ya kikanamaiti". Kwa wanaolitumia kimyakimya katika mihadhara yao, lina mwenyewe.